Samli Yangu na Paka wa Mama Mkwe

Kwa muda mrefu mama mkwe wangu hakugusa samli yangu, na mimi sikula chakula chake kabla ya kumwona akikionja. Tuliishi hivyo, wanawake wawili katika jiko moja, kila mmoja akimtupia mwenzake jicho juu ya sufuria. Nikisimulia leo, wajukuu hucheka hadi wakashika mbavu. Wakati ule hakuna aliyecheka.

Nilikuwa nimeolewa kutoka Kendu Bay kuja katika boma moja upande wa Migori, miaka michache baada ya uhuru. Kwa Wajaluo mwanamke huitwa kwa alikotoka, kwa hiyo nikawa nyar Kendu, binti wa Kendu, na jina langu la ubatizo likabaki kanisani. Mume wangu alifanya kazi ya barabara mbali na alikuja mwisho wa mwezi. Nililala katika simba, yaani kibanda chake cha ujanani karibu na lango, lakini kupika nilipika kwa mama yake. Ndiyo desturi. Miaha, mke mpya, hana jiko. Hupika kwenye mafiga ya mama mkwe, mbele ya macho ya mama mkwe, hadi mama huyo aridhike naye na kumpangia mafiga yake mwenyewe. Asiporidhika, miaha ataomba ruhusa ya kuchota chumvi hadi apate mvi, au atarudishwa kwao. Nilimjua mmoja aliyerudishwa. Alikuwa akipita nyuma ya nyumba za watu akienda kisimani ili asionekane.

Mafiga hayo niliyataka kuliko kitu chochote. Nilikuwa na kichwa kigumu, na kupika nikiwa nimesimamiwa kulinichoma roho.

Samli ya nyumba ile ilikuwa kazi ya mama mkwe peke yake. Aliyagandisha maziwa katika kibuyu kikubwa kilichofukizwa moshi, akaketi nyuma ya mlango, akakitikisa juu ya mapaja yake hadi siagi ikajitenga. Nyuma ya mlango, kwa sababu kuna watu wenye jicho. Mtu wa namna hiyo akikutazama ukitikisa kibuyu, unaweza kutikisa hadi jua litue na usipate hata siagi ya kupaka mkate. Mgeni akipiga hodi, kibuyu kilifunikwa kwa kanga. Nami nikiingia kuchukua upawa, kilifunikwa. Hapo nilijua kwamba katika nyumba ile mimi bado ni mgeni.

Nilipomwomba aniachie maziwa ya ng'ombe mmoja nitengeneze yangu, nilidhani nitamfurahisha. Kwetu Kendu tulipakana na Waislamu wa mjini, na mama yangu alijifunza kwao samli ya viungo. Siagi unaiosha kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Unaiweka kwenye moto mdogo sana, mkaa mchache tu, na huondoki. Inaanza kunguruma, povu linapanda, unaliengua. Ndipo unatia kitunguu saumu kilichopondwa, iliki iliyopasuliwa, uwatu kidogo, binzari ya ncha ya kijiko. Sasa unasikiliza. Maji yakiisha, ile ngurumo inakatika, na mashapo yanatua chini yakiwa ya kahawia. Ukichelewa kidogo tu yanaungua, na samli yote inakuwa chungu. Ukichuja kwa kitambaa safi, inatiririka ya manjano, na harufu yake inatoka nje na kuita watu.

Nadhani kosa langu lilikuwa hiyo harufu. Mama mkwe aliingia, akasimama mlangoni, pua zikamtanuka.

“Miaha, umechoma nini humu?”

“Samli, mama. Nimeitia viungo.”

“Viungo gani?”

Nilimwonyesha kifurushi changu cha karatasi nilichotoka nacho nyumbani. Aliinama akazitazama zile mbegu za uwatu na vipande vya iliki bila kuvigusa.

“Mizizi,” akasema.

“Si mizizi, mama. Vinauzwa dukani. Hata Oyugis vipo, kwa Mhindi.”

“Dawa zote zinauzwa mahali,” akasema, akatoka.

Tangu siku hiyo hakula mboga niliyoitia samli yangu. Alisema ana kiungulia. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi alikula kwa mikono miwili, akalamba vidole, akasifu hadi nikaona haya. Mwezi uliofuata, aliposhuka barabarani, alipitia simba kwanza kabla ya kwenda kumsalimu mama yake. Hilo halikuwa na uhusiano wowote na samli. Alikuwa kijana aliyeoa karibuni. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama uani na kiti alichomtolea, akaona yote.

Kisha samli yangu ikaanza kupungua.

Niliiweka katika kopo tupu la mafuta ya Kimbo lililosafishwa, kwenye rafu ya jiko lake, kwa kuwa sikuwa na rafu nyingine. Kila asubuhi ilikuwa na alama ya kidole. Kama ingekuwa inaliwa, ningefurahi. Lakini mama mkwe alikuwa mtu asiyeionja hata kidogo, na bado anaichota. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba anaipeleka kwa mganga upande wa mpakani, aisome, na pengine airudishe koponi ikiwa imetiwa kitu. Nikaanza kumvizia. Akienda sokoni nilitazama kama kikapu chake kimefunikwa. Akirudi nilinusa kopo. Nilianza kupika samli ndogo nyingine na kuificha simba, chini ya kitanda, na nikawa najifungia mlango nikiipika. Hebu fikiria: nilijifungia mlango! Yeyote aliyepita nje alisikia harufu na kuona mlango umefungwa mchana kweupe.

Samli ilikokwenda nilikujua kwa sababu ya binzari. Mama mkwe alikuwa na paka jike mweupe, mkali, aliyemkwaruza kila mtu isipokuwa yeye, na aliyelala miguuni pake. Asubuhi moja paka huyo alipita mbele yangu akijilamba, na kidevu chake chote kilikuwa cha manjano. Sharubu za manjano. Niliinua macho, nikamwona mama mkwe akifuta kidole kwenye majani ya mgomba. Kidole chake pia kilikuwa cha manjano.

Damu ilinipanda. Kwa hiyo ndivyo! Alikuwa akimlisha paka samli yangu ili aone kama atakufa. Nilipika mimi, nikasimama juu ya moto hadi macho yakawa mekundu, halafu chakula changu kikawa sumu ya kujaribiwa kwa mnyama. Nilingoja tu paka yule anenepe, nimtazame mama mkwe usoni.

Alinenepa kweli, manyoya yakang'aa. Ila alifanya na jambo jingine nisilolitegemea. Aliacha kitanda cha mama mkwe akahamia simba. Nikienda kisimani yuko nyuma yangu. Nikiketi kuchambua mboga, anapanda mapajani na kunilamba mikono. Mimi nilijua sababu: mikono yangu ilinuka samli toka kwenye kucha hadi kwenye viwiko. Nilimfukuza kwa ufagio, akarudi. Nilimfungia nje, akalia mlangoni kwangu mbele ya boma zima.

Siku moja tulikuwa tukimenya viazi, na paka alikuwa amejikunja kwenye sketi yangu. Mama mkwe aliweka kisu chini.

“Paka huyu nilimlea tangu hajafumbua macho,” alisema. “Umemchukua.”

“Mama, ananusa samli.”

“Nami ndicho ninachosema. Haikumwua. Si sumu. Ni ile nyingine.” Sauti yake ilikuwa ya chini. “Mwanangu anapita mlango wangu. Paka wangu anapita mlango wangu. Mzee wangu alianza hivyohivyo, nyar Kendu. Alikula kwa mke mdogo siku moja, akasema chakula kitamu, akaenda tena. Mpaka leo hajarudi. Wewe unafikiri mimi sijui dawa ya mapenzi inavyofanya kazi?”

Mzee, baba mkwe wangu, tulimwona kila siku. Nyumba ya mke mdogo ilikuwa ng'ambo ya ua uleule, na yeye aliketi mbele ya kibanda chake cha kiume katikati ya boma, akipiga soga kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yalianza kuziba. Kula na kulala alikuwa kwa mke mdogo. Lakini kila jioni mama mkwe alitoa kigoda cha mzee, akakifuta vumbi, akakiweka karibu na mlango, na usiku ukiingia akakirudisha ndani. Nilikuwa nimekiona kigoda hicho siku zote nikafikiri ni mazoea tu ya usafi.

Nilimwambia nitatengeneza samli mbele yake, atie viungo kwa mkono wake mwenyewe. Alinijibu kwamba mchawi yeyote angesema hivyo. Nikamwambia twende kwa Mhindi wa Oyugis tumuulize. Akasema Mhindi ni mfanyabiashara, atasema chochote. Nilifunga nguo zangu katika shuka usiku huo. Niliona kabisa siku ya mwisho wa mwezi itakapofika, wazee watakavyoitwa, na mimi nitakavyopita nyuma ya nyumba za watu nikienda kisimani Kendu.

Siku chache baadaye mama mkwe alikuja simba alasiri. Hakuwahi kuingia humo tangu niolewe. Alisimama akitazama ukuta.

“Nipe ile yako,” alisema. “Ile unayoificha. Yenye nguvu.”

Ushahidi, nikajiambia. Anataka kuwapelekea wazee kopo lenyewe.

“Haina nguvu, mama. Ni iliki na kitunguu saumu.”

“Nimesikia. Nipe.”

Nilimpa, maana kukataa kungekuwa kukiri. Kisha nikamfuata kwa siri, nikajificha nyuma ya ua wa miti ya utomvu karibu na jiko. Hakwenda kwa wazee. Alichinja jogoo wake mmoja aliyebaki. Alimpika taratibu, akamimina samli yangu, akamimina tena, nusu kopo nzima. Aliosha uso, akafunga kitambaa kipya kichwani. Ndipo nikaelewa chakula hicho kilikuwa cha nani.

Aliubeba mwenyewe ule mchuzi hadi kwenye kibanda cha mzee, na paka nyuma yake. Mimi kama mkaza mwana sikuweza kusogea karibu na baba mkwe, lakini sauti yake ilifika hadi kwangu. Kijiko kikagonga bakuli. Nilijikuta naomba, mimi niliyeapa kwamba hakuna dawa humo, naomba ifanye kazi.

“Hiki ni chakula gani?” mzee alipaza sauti. “Kinanuka duka la Mhindi! Ondoa. Nimekwisha kupikiwa.”

Mama mkwe alirudi na bakuli limejaa. Sikupata muda wa kujificha, alinikuta pale uani nimesimama, na hakushangaa. Aliliweka chini, paka akaanza kula. Mama mkwe aliketi kwenye kile kigoda cha mzee, ambacho sikuwahi kumwona amekikalia, akamtazama paka kwa muda.

“Basi si dawa,” alisema.

“Si dawa, mama.”

“Ulikuwa unasema kweli.” Alifungua kitambaa kichwani akakikunja vizuri. “Kesho tafuta mawe matatu yanayolingana. Nitakuwekea mafiga yako.”

Nilimshukuru kama ilivyopasa. Kisha nilikwenda nyuma ya simba nikalia hadi kwikwi ikanishika, kwa sababu nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, na nilitamani ningekuwa mchawi kama alivyonidhania, hata kwa jioni ile moja tu.