Vidonge Kwenye Kopo la Ubani

Sinia lilinificha miaka mitatu. Nyumbani kwa mume wangu, Makorora, wanawake tunakula pamoja, na kwenye sinia hakuna anayechunguza tonge la mwenzake. Natia mkono, nautoa, namsogezea wifi kipande cha nyama, nasifu pilipili. Tonge la saba, tumbo limefunga mlango. Nainuka kwenda kuangalia chai ambayo hata haijabandikwa.

"Huyu hakai kitako," mama mkwe husema.

Ni kweli, situlii. Nilipokuwa na miaka kumi na saba mama yangu alinipeleka India, daktari akaondoa sehemu kubwa ya tumbo langu la chakula. Nilikuwa bonge, sukari imeanza kupanda, magoti yananiuma kama ya bibi. Mtaani waliambiwa nimekwenda kusalimia ndugu. Mwili ulipopungua wakaambiwa chakula cha huko kilinishinda. Mama akanikataza kusema lolote, nisije nikakosa mume.

Sasa ni miaka kumi na miwili. Sijuti, na wananiudhi wanaotaka watu kama mimi tujute. Sukari ilishuka, ngazi napanda bila kuhema. Lakini hakuna aliyeniambia vizuri kwamba operesheni ile haiishi. Nikila haluwa kidogo tu moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, natafuta pa kulala. Kilo kadhaa zimerudi zenyewe. Na vidonge vya vitamini na madini ni vya kila siku, mpaka kufa. Kwa kuvificha nikawa naviruka, nywele zikabaki kwenye kitana, nyayo zikaanza kufa ganzi. Daktari wa hapa akanigombeza: nikitaka kubeba mimba salama, nisikose hata siku moja. Na mtoto namtaka. Namtaka mpaka nakereka nikiona nepi kwenye kamba ya jirani.

Mama mkwe naye alikuwa akimsubiri huyo mtoto. Akaamua sishiki mimba kwa sababu sili, akaanza kunipakulia sahani yangu peke yangu, imejaa mpaka ukingoni, kisha anakaa mbele yangu. Niliichukia sahani ile. Wiki ya pili nikatapika uani, na wifi akapiga kigelegele. Mwezi ulipokwisha bila habari, nyumba nzima ikaacha kunitazama usoni.

Vidonge nilivitia kwenye kopo la ubani. Akili gani hiyo, katika nyumba inayofukizwa kila Alhamisi? Mama mkwe akaishiwa na ubani wake, akaja chumbani kuazima wangu. Nilimkuta ameketi kitandani, kopo mapajani.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa asubuhi nilikwisha kumwamkia.

Akaliinua kopo. "Nambie kweli. Miaka mitatu mie naomba dua, nawe wameza vidonge vya kuzuia mimba?"

Niliogopa. Kwa kosa hilo ningerudishwa kwetu kabla ya Ijumaa. Nikapandisha blauzi, nikamwonyesha makovu madogo matano, niliyomwambia mwanawe ni ya kidole tumbo, nikayasema yote huku natembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Kwamba vile ni vitamini. Kwamba bila hivyo mimba ya huyo mtoto anayemwomba haitakuwa salama, kwangu wala kwake.

Aligusa kovu moja kwa kidole. "Mama yako alijua?"

"Ndiye aliyenipeleka."

Machozi yakamtoka. "Kwa nini mlitufichia? Tungekuchukua hivyo hivyo ulivyokuwa, mwanangu."

Hapo ndipo niliposimama. Nilitaka kumwamini, na nilikasirika. Niliikumbuka siku aliyokuja kwetu kunitazama kabla ya posa: alinigeuza sebuleni mara mbili, akakisifu kiuno changu mbele ya mama, na mama akatabasamu akiangalia sakafu.

"Kweli, mama?" nikamuuliza. "Vile nilivyokuwa? Ungenichukua?"

Akaangalia ndani ya kopo. Alichagua kidonge kimoja, akakipangusa ubani kwa ncha ya kanga yake, akaniwekea kiganjani.

"Meza dawa yako," akasema.