Swichi Iliyonyamaza

Kazini walimwita Kengele, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Hospitali ilimkabidhi chumba cha baridi nyuma ya maabara, ambamo picha zote za eksirei hulala kwenye diski, na swichi, visanduku vya mtandao vyenye nyaya tele, huzipeleka kwa madaktari. Ilikuwapo pia programu ya kuvichunga vyote hivyo: tukio likitokea, hutuma arifa kwenye simu. Ni tukio gani lipigiwe mbiu, yeye ndiye wa kuchagua. Kengele, kwa kuogopa lawama, akachagua yote.

Basi simu zikalia. Feni ikiongeza kasi, arifa. Mfagiaji akigusa waya, arifa. Zote nyekundu, zote hatari. Wiki haikuisha, mafundi wa zamu wakazima sauti. Zamani mlinzi mmoja na filimbi yake alitosha kuamsha mtaa, kwa kuwa hakuipuliza ovyo. Siku hizi kila kitu kinapiga filimbi, na mtaa umelala fofofo. Diski ilipojaa kweli, arifa ilikuja na hakuna aliyeiona. Wagonjwa walingoja picha zao mpaka jua likazama.

Mkuu wa kitengo akamwita. "Kengele, bibie, umetupigia mpaka tumekuwa viziwi. Ijumaa nitaharibu kitu kimoja humo ndani kwa mkono wangu, sikwambii kipi. Simu yako ikilia, kazi ni yako. Isipolia, nawapa watu wa nje."

"Na ikilia kwa jambo jingine?"

"Hapo nitacheka," alisema mkuu, bila kucheka.

Kengele akaketi, akafyeka. Feni akaishusha iwe taarifa ya kusomwa asubuhi. Kati ya njia mbili za kupitishia picha, moja ikikatika, onyo. Zikikatika zote mbili, hatari. Diski akaiwekea mpaka, iseme kabla haijajaa. Simu ikatulia hata akawa anaitikisa kuona kama ina uhai.

Aliyebaki kupiga ni mama mkwe wake, aliyeshinda nyumbani peke yake. Kila siku wakati wa chai alikuwa na lake: goti, bomba linalovuja, paka wa jirani aliyemtazama vibaya. Kengele humwitikia "Ndiyo, mama" huku anaandika.

Alhamisi wakati wa chai ukapita, simu kimya. Mafundi wakampongeza. Yeye chai ikampoa mkononi. Alipiga, haikupokelewa. Akabeba mkoba, akatoka mbio.

Alimkuta mama mkwe kitandani, amenuna, na simu imefukiwa kwenye bakuli la mchele.

"Imetumbukia kwenye ndoo. Nikasema leo na nyie mpumzike. Nani kakwambia naumwa?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Ndiyo maana nimekuja."

Mama akamtazama. "Kumbe huwa unasikiliza."

Njiani kurudi, Kengele alisimama ghafla. Kanuni zake zote zilingoja swichi iseme. Na iliyokufa je? Maiti hajitangazii msiba. Hilo zamani halikufundishwa darasani: usipoona moshi wa jirani asubuhi, ulipiga hodi. Sasa ilibidi mashine ifundishwe ujirani ambao watu wameusahau. Akaiagiza programu iisalimie kila swichi, dakika hadi dakika. Isiyoitika salamu tatu, hatari.

Ijumaa mkuu hakugusa diski, hakugusa nyaya za data. Aliiendea swichi ya pembeni, akaing'oa kwenye umeme. Taa zake zikazimika, bila neno. Wakasubiri. Mkuu akaanza kukuna kidevu.

Simu ikalia. Nyekundu, na jina la swichi ileile.

"Haya," alisema mkuu, akirudisha umeme. "Kazi ni yako."

Kabla hajamaliza, simu ikalia tena.

"Na hii je? Feni?"

"Mama mkwe. Nadhani simu yake imekauka."

"Nayo ipunguze, basi."

"Hiyo hapana, mkuu." Kengele alivuta kiti, akaifunika kompyuta. "Ndiyo, mama. Huyo paka amefanya nini leo?"