Siku Mama Alipobaki Zahanati

Mamangu alikuwa mkunga wa zahanati, upande wa Msambweni, miaka ile nchi ilipokuwa imejitawala juzijuzi. Wanawake wenye mshahara wa serikali walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, nami nilimwonea fahari kila alipotoka asubuhi, sare nyeupe chini ya buibui. Hakutoka kabla hajatuogesha, akatunywesha uji, akatukagua kucha. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa Ramisi, akija nyumbani mara moja kwa wiki, na kila akija neno lake lilikuwa moja: "Mke wangu, watoto hawa wanamtaka mama yao." Mama alimjibu kwa upole, lakini kazi hakuiacha.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, surua iliingia kijijini. Ilimshika mdogo wangu, msichana wa miaka minne. Siku ya nne homa ilipanda akawa hatutambui, na masikio yakaanza kutoa usaha. Bibi, aliyekuwa akikaa nasi, akaniambia, "Kimbia kamwite mamako."

Mama alinitokea kwenye mlango wa chumba cha kuzalishia, mikono imelowa. Ndani alikuwamo mwanamke aliyeletwa kutoka Munje amebebwa kitandani. Mtoto alikuwa ametanguliza mkono.

"Mama, twende. Anakufa."

Aliniuliza kama anapumua vizuri, kama anakubali maji. Nikamjibu. Akageuka kutazama ndani, kisha akanitazama mimi.

"Mpeni maji kidogo kidogo, mumfute kwa kitambaa cha baridi. Nikimwacha huyu, watakufa wawili. Nakuja, mwanangu."

Alikuja alasiri imeshapita, anakimbia, viatu mkononi. Mdogo wangu hakufa. Lakini alipopona tuligundua kwamba tukimwita hageuki. Daktari alimwambia Mama kuwa ugonjwa ule ungemla mtoto masikio hata kama yeye Mama angekuwapo. Mama hakumsadiki. Mimi sikutaka kumsadiki.

Miezi kadhaa baadaye, yule mwanamke wa Munje alikuja kutoa shukrani, na kikapu cha muhogo, mtoto mgongoni. Alipiga hodi, nami nilikuwa pale pale nikichambua mchele, nisimjibu.

"Mwamkie mgeni," Mama akasema.

"Simwamkii. Watoto wa watu ni bora kuliko sisi?"

Nilijua nitapigwa. Hakunipiga. Alimpokea yule mtoto, akamtazama macho, akauliza kama ananyonya vyema. Mgeni alipokwenda zake, Mama alikaa chini jikoni akalia, kanga mdomoni. Nilimwona, na sikumwendea.

Tangu hapo, kila akirudi kazini, alimkalisha mdogo wangu mbele yake, wanatazamana, akamtamkia neno moja moja polepole mpaka mtoto akalisoma midomoni mwake. Maji. Njoo. Ngoja. Mengine hayakuwahi kumwingia.

Kazi aliifanya hadi alipostaafu, na karo yangu ilitoka humo. Mimi niliendelea kumjibu kwa mkato, hata nilipokuwa mtu mzima. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, yeye ndiye aliyenizalisha. Nilimshika mkono nikataka kumwomba radhi, uchungu ukanikata kauli. Akasema, "Usiseme, vuta pumzi." Nikavuta pumzi. Baadaye nafasi zilikuwa tele, na sikusema.