Kunde za Mama Kwenye Friza

Ukinisikia nikicheka peke yangu jikoni, jua nimenusa kunde kavu zikichemka. Mara ya kwanza kuinusa harufu hiyo, hapa ughaibuni, Springfield, nilikuwa na miaka tisa, na sikucheka hata kidogo.

Mama alikuwa akisomea mimea chuoni Fairfax, na siku nyingine akienda zamu ya kutunza wazee. Utafiti wake ulihusu kunde za porini: za kwao Kitui, na nyingine za jamii hiyo zinazoota Australia. Akinisuka nywele alipenda kunisimulia habari za wataalamu wawili wa mimea wa Australia ya enzi za ukoloni, mmoja akikaa mjini na vitabu vyake, mwingine akihangaika nyikani. Kila mmea waliouchuma waliugawa mara mbili. Kipande kimoja kilibaki, kingine kikasafiri kwa mwenzake pamoja na barua ndefu. Mmoja akipotelewa, mwenzake alimrudishia. Mimi, kusema kweli, sikuona raha yoyote ya wazee wawili wenye ndevu kutumiana majani.

Majani ya kunde aliyoyachuma mama mwenyewe yalikuwa yamekaushwa yakalazwa kati ya magazeti. Aliyaweka kwenye friza yetu siku kadhaa ili wadudu wafe kabla hajayapeleka chuoni. Jumanne iliyofuata watahini wangeyatazama, na bila majani hayo kazi yake ya miaka miwili ingekuwa maneno matupu.

Jumamosi mama akaenda zamu. Susu, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kitui, na mboga za huku zilikuwa zimemshinda. Alifungua friza akitafuta nyama.

"Kumbe mama yako ana kunde za nyumbani na ananificha! Hizi ni zake?"

"Yeah, Susu, they're Mom's," nikajibu, macho kwenye katuni. Nilijua ni za chuo. Niliona uvivu tu kuinuka na kueleza, na uvivu ule umenisuta miaka mingi.

Susu akaziloweka, akazipika na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Mama aliporudi mchana alinusa akiwa mlangoni, akapiga kigelegele. Alimaliza sahani nzima akimmwagia mamake sifa. Ndipo akauliza, "Lakini mama, kunde umezitoa wapi?"

Susu akaelekeza mwiko kwenye friza. Mama akakaa sakafuni na sare yake ya kazi. Nikakimbilia chooni, nikajifungia, nikiamini nimemharibia maisha.

Aliyetuokoa ni Clémence, Mkongo wa Lubumbashi aliyesoma na mama. Alipopigiwa simu alikuja mbio kutoka Upper Marlboro, na nikamsikia kupitia mlango: "Usilie, yaya. Njo maana tunagawanyaka! Moja yako, moja yangu. Zote ziko hapa."

Yaya, kwa Kiswahili cha kwao, ni dada mkubwa. Ndivyo alivyomwita mama. Nilipochungulia, meza ilikuwa imejaa majani, kila moja na karatasi yenye mwandiko wa mama. Alikuwa amempa Clémence nusu ya kila alichochuma, kama wale wazee wa Australia. Nikatoka na kukiri kosa langu. Clémence akanibusu kichwani, kisha akaomba sahani. Kunde zilikuwa tamu, akasema, hasara kuzimwaga.

Jumanne mama akafaulu. Miezi michache baadaye akapata kazi kwenye hifadhi ya mimea ya chuo, na yuko huko hadi leo. Kwangu hadithi iliishia hapo, mpaka mwaka jana tulipokuwa tukikunja nguo, mama akanitajia kwamba ile kazi ilikuwa nafasi moja tu, na siku zile Clémence naye alikuwa tayari ameiomba. Jumamosi ile angesema tu kwamba nusu yake ya majani imepotea, na nani angemlaumu?

"Alijua kwamba na wewe umeomba?" nikauliza.

Mama alinitazama kana kwamba bado nina miaka tisa. "Angekosaje kujua? Ndiye aliyenisaidia kujaza fomu."