Muthokoi wa Jirani

Mimi, rafiki yangu, nikisikia neno utamaduni likitoka kwenye kipaza sauti, hushika mkoba wangu vizuri. Juzi nilikuwa mjini Wote, kwenye siku ya vyakula vya kiasili. Jirani yetu wa zamani, ambaye sasa amezeeka, alikuwa ameweka sufuria ya muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa kutoa maganda kisha kupikwa na maharagwe, kwenye meza ya Wakamba. Mwamuzi, kijana mwenye beji, akamuuliza, "Mama, wewe ni wa mbaĩ gani?" Mbaĩ ni ukoo, na mtu aliyezaliwa Murang'a, nje ya Ukambani, ataupata wapi ukoo wa Kikamba? Mawazo yangu yakarudi Emali, nilikokulia.

Jirani huyo alipohamia karibu nasi na mumewe muuza viazi, nyanya yangu hakumwamini hata kidogo. Akipita uani, nyanya alifunika chungu. "Anatuchunguza huyu," alisema. "Akishajua vyetu, atasema ni vyake." Nilitumwa nikamchungulie, na kazi hiyo niliipenda, maana kwake kulinukia viazi na vitunguu, ilhali kwetu ilikuwa mbaazi kila siku.

Asubuhi moja nikaleta habari kwamba jirani anatwanga muthokoi. Nyanya akaenda kuhakikisha mwenyewe. Mahindi yalikuwa yamemwagiwa maji mengi mno, naye akiyaponda kwa nguvu zake zote. Badala ya maganda kutoka, punje zilipasuka zikawa chenga. Nyanya alivumilia kidogo, kisha akamnyang'anya mchi. Usidhani alimpenda. Aliyahurumia mahindi.

Tangu hapo tuliamshwa na michi miwili ikipokezana ndani ya kinu kimoja, vumbi la maganda likiruka kwenye ungo. Hata hivyo nyanya aliendelea kusema, "Ni mtu mzuri, lakini si wetu," huku akila. Mikono yake ilipoishiwa nguvu, aliukataa muthokoi wa mama yangu, eti una maganda, akawa anangoja wa jirani. Wanaosema utamaduni uko kwenye damu wangemweleza nini nyanya? Sisi watoto tulikula tukashiba.

Huko Wote, jirani alimjibu mwamuzi kwa Kikamba, bila hasira, kwamba aonje kwanza. Kijana hakuonja. "Meza ya wageni iko pale mwisho, mama," alisema, kisha akanigeukia. "Dada, wewe simama hapa. Wewe ni wetu." Sijui alijuaje. Kinu cha nyanya kililiwa na mchwa zamani, na muthokoi mimi hununua wa pakiti, uliokobolewa na mashine. Mlio wa michi sijausikia miaka mingi, hata kijijini.

Niliona uchungu, na aibu pia. Nikashika upande mmoja wa sufuria, jirani akashika wa pili, tukaibeba taratibu hadi kwa wageni. Nyuma yetu, kwenye meza ya Wakamba, kulibaki pilau na chapati.