Komeo Likae Upande Wako

Ile siku ya kufika Kigoma naikumbuka, mwanangu, kuliko siku ya arusi yangu. Tulikuwa wasichana watatu kutoka Maniema, tumechaguliwa kuvuka ziwa kwa mafunzo ya vakansi kubwa, ile likizo ndefu ya shule: kushona asubuhi, kusoma mchana. Watu wa mji wetu, Kasongo, walitusindikiza hadi kwenye lori, mama akilia, baba akitembea kifua mbele. Kurudi bila cheti ingekuwa aibu ya ukoo mzima.

Bwana mwenye nyumba alitupokea vizuri, sitamsingizia. Wali, dagaa, maji ya kuoga, maneno matamu. Kisha akatuonyesha chumba, nami nikafanya kama alivyonizoeza shangazi yangu. Mama yule, hata tukienda arusi Nyangwe kwa ndugu zake wa damu, hakuketi kabla hajapitisha mkono nyuma ya mlango. "Mugeni haonyeshwe kitanda tu," alikuwa akisema, "anaonyeshwa na komeo." Basi nikapitisha mkono. Mbao tupu! Nikachungulia nje: komeo hilo, kubwa, jipya.

"Baba, komeo iko inje," nikamwambia mwenye nyumba.

"Ni kwa usalama wenu. Nawafungia jioni, nawafungulia asubuhi."

"Na moto ukiwaka? Na mwenzangu akishikwa na tumbo?" Swali la tatu, kwamba yeye mwenyewe akifungua saa isiyo yake je, sikulisema kwa kinywa. Nililisema kwa macho, naye akalisikia.

Akawaka hasira. Mwalimu aliyetuleta akanivuta pembeni. "Unatupatisha haya! Omba musamaha, ao kesho unapanda meli ya kurudi."

Lo! Nikauona akilini uso wa baba. Lakini nikajiuliza: baba alinituma nijifunze kushona, ao alinituma nifungiwe kama mbuzi? Nikabeba mfuko wangu, nikaenda kuketi juu yake katikati ya uwanja.

Wazee husema mgeni ni kuku mweupe. Mara nyingi wanakuambia hivyo ili unyamaze, ujikunje. Mimi siku ile nikasema, kama ni kuku mweupe, basi na waniangalie! Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakasimama. "Huyu mtoto ana nini?" Nikawaeleza, na sauti sikuipunguza. Punde mwenzangu Maria, wa upande wa Wamaza, binti wa wakulima, mpole ajabu, akatoka na mfuko wake akaketi kando yangu. Yule wa tatu naye akafuata. Mama mmoja akaingia kuutazama mlango kwa macho yake, akatoka akiguna.

Kabla ya magharibi fundi aliitwa. Komeo likang'olewa nje, likapigiliwa ndani, mbele ya wote. Mwenye nyumba alininunia vakansi nzima, akanibandika jina, Bi Komeo. Akiniita hivyo ili watu wacheke, nilikuwa naitika, "Abee!" Na cheti nilikipata.

Sasa ni zamu yako kwenda ng'ambo, mwanangu, tena mbali kuliko mimi. Karatasi ya hao waliokualika inasema makao yako tayari na ulinzi upo. Vizuri. Karatasi haifungi mlango. Ukifika, uliza nani analala nyumba ile, nani ana ufunguo, na wenzako wamelazwa wapi. Wakitaka kukutenga nao, ulale peke yako kwa mtu usiyemjua, kataa, hata kitanda kiwe laini namna gani. Pasipoti yako ikae kwako. Namba ya simu ya nyumbani iweke kichwani, maana simu huibwa. Adabu ni kusalimia, kushukuru, kuosha sahani uliyolia. Kunyamaza ukiwa na hofu si adabu, asikudanganye mtu. Atakayekuambia huna shukrani kwa sababu umeuliza, muulize mara ya pili! Na wakikutisha kukurudisha, rudi. Huku utapokewa, na atakayekucheka anicheke mimi kwanza, thubutu yake!

Chini ya nguo zako nimetia komeo na bisibisi. Usilitoe, hata dada zako wakicheka.

Mungu akutangulie njiani, akulaze salama, akuamshe salama, akurudishe kwetu na sauti yako nzima. Na wakikuuliza ubishi huu umefundishwa na nani, sema ni Bi Komeo wa Kasongo, na waambie angali hai.