Chupa za Thora na Hita ya Ziwani

Thora Eyjolfson haogopi watu. Hapa Gimli, mji wetu wa kando ya ziwa, amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha samaki, akikata minofu mikono ikiwa ndani ya maji ya barafu, na msimamizi aliyempandishia sauti alijibiwa mpaka akautafuta mlango. Alipochoka na harufu ya samaki akaanza kusafisha magari kwenye gereji ya nyumbani kwake. Anaosha, anasugua viti, anapaka nta, gari linarudi linang'aa. Mimi nauza magari yaliyotumika, na najua kwamba gari chakavu lililosafishwa huuzika upesi kuliko gari zima lenye tope. Kwa hiyo mlangoni kwa Thora sikauki.

Anachokiogopa ni baridi kuingia kwenye chupa zake. Shampuu, polishi, nta ya maji, dawa ya vioo, nyingi ya hizo ni maji, na maji yakiganda hupasua chupa. Ambazo hazikupasuka, zikiyeyuka zinakuwa zimekatika kama maziwa mabovu, mafuta juu, maji chini. Utikise mpaka bega liume, hazirudi. Mwaka mmoja alipaka nta ya namna hiyo kwenye gari jeusi la daktari wa meno, likatoka na mabaka kama ng'ombe. Alilisugua upya bure, na daktari hakurudi. Tangu hapo, ziwa likianza tu kuganda, chupa zote huhamia chumba cha chini ya nyumba, kando ya friza.

Msimu huu chumba hicho yeye na mumewe walikipangisha kwa mwalimu kijana. Ulikuwa uamuzi mzuri, mimi mwenyewe niliwashauri. Lakini mwalimu akalalamika kwamba harufu inamuumiza kichwa, na mpangaji anayelipa kwa wakati humbishii. Chupa zikarudi gereji. Laugi, mume wa Thora, dereva mstaafu wa greda la theluji, akaapa kuzilinda yeye. Akabandika sponji ngumu kuta zote, akatandaza nailoni darini, akaziba kila ufa kwa utepe wa gundi, akaning'iniza hita ya umeme.

"Arni," aliniambia akijipiga kifua, "humu mbu akitaka kuingia aombe kibali."

"Mbu mwezi wa kwanza, mzee? Huyo mbu ni mgonjwa."

"Mwache," alisema Thora. "Tangu wamnyang'anye greda hana cha kuendesha. Sasa anaendesha gereji."

Siku ya tukio nilimpelekea Thora gari la mizigo ili alisafishe. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, na upepo wa kaskazini ulikuwa unakuja juu ya ziwa bila kizuizi. Mchana, nyaya zikaanguka huko barabara kuu na umeme ukakatika mji mzima. Jikoni kwa Thora kuna jiko la kuni, hatukuwa na shida. Gereji ndiyo iliyobaki bila kitu.

Thora alisimama. "Tuzihamishie humu jikoni. Zile ndizo za mwaka mzima. Zikiganda, mimi sina kazi."

"Ni nyingi mno, na wewe goti lako bovu," Laugi alijibu. "Kaeni mnywe kahawa. Nina dawa yake."

"Dawa gani?"

"Mke wangu, nimesukuma theluji ya wilaya hii kabla hujajua kuwasha gari. Kaa."

Akavaa koti, akatoka nje, akarudi gerejini kwa mlango wa pembeni. Tulimsikia akikokota vitu, kisha mlango unaounganisha jikoni na gereji tukausikia ukipigwa utepe kwa upande wake, kraa, kraa, joto lisimtoroke. Sisi tukaanza kuvutana kuhusu viti vya gari langu. Mimi nilitaka vioshwe kwa bei ya kufuta vumbi, yeye alikuwa ananiuliza kama niliokotwa jalalani.

Tuliendelea hivyo mpaka birika la kahawa likaisha. Kisha Thora akakatisha neno, akatega sikio upande wa gereji.

"Laugi!" aliita.

Akaita tena.

"Amelala," nilisema. "Mwanamume akipata joto baada ya chakula hulala."

Hakunisikiliza. Alikwenda kwenye mlango wa gereji, akaweka uso kwenye kioo chake kidogo. Laugi alikuwa amekifunika kwa nailoni, huoni ndani ila wekundu. Wekundu wa moto, umetulia, mahali pamoja. Thora aligeuka, na uso wake ulikuwa umepauka kama unga.

"Ameleta hita ya ziwani."

Hita hiyo ni ya gesi, ya kupeleka kwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu. Kila nyumba hapa ina ya kwake. Tumepasha supu juu yake, tumekausha soksi, na hakuna tuliyemjua aliyedhurika. Nikamwambia hivyo hivyo: "Thora, hita ile tumekua nayo."

"Kule kibanda kina nyufa na sakafu ina tundu, Arni! Humu ameziba kila kitu, hewa ya sumu haina pa kutokea! Sukuma!"

Tulisukuma. Mlango ukasogea kidogo tu ukagota. Alikuwa ameegemeza rafu ya chupa nyuma yake, zikae mbali na ukuta wa nje. Nikakimbilia nje, miguu ikizama kwenye theluji. Mlango wa pembeni, komeo lilikuwa ndani. Lango kubwa la gari huendeshwa na umeme, na mpira wake wa chini ulikuwa umegandana na saruji. Nilivuta mpaka ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma. Nikarudi jikoni pumzi zimeniishia, mikono siihisi.

Thora hakuwa ameningoja. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, mguu mzima ukiupiga mlango chini. Nilitupa bega langu kwenye mlango, juu ya kichwa chake. Rafu ikainama. Chupa ya kwanza ikaanguka, ikapasuka. Halafu ya pili, halafu zikaja kwa mkupuo, vioo na plastiki na sabuni, kishindo cha kutisha.

Nimwelezee Laugi ni mtu gani. Ukiangusha kifuniko tu cha chupa gerejini mwake, anautukana ukoo wako wote hadi kwa waliovuka bahari kutoka Iceland. Sasa zilikuwa zinaanguka zote, na Laugi hakusema neno. Nikatupa bega tena.

Rafu ikapinduka, mlango ukafunguka, na papo hapo king'ora cha betri cha kunusa gesi ya sumu, kilichokuwa ukutani jikoni, kikaanza kulia. Laugi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidevu kifuani, mashavu mekundu mazuri kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Wekundu ule ni wa sumu, naogopa kuukumbuka. Thora aliizima hita kwa teke, akamshika mumewe kwapani. Nilibana pumzi nikashika miguu. Tuliteleza kwenye nta na shampuu, tukaanguka naye, tukainuka, tukamtoa kupitia jikoni mpaka nje.

Nje nako baridi ile humaliza mtu asiye na kofia. Tukamtupa ndani ya gari langu, juu ya viti vile vichafu, madirisha wazi, injini inaunguruma. Thora alimpanda kifuani.

"Laugi! Nijibu! Laugi, mshenzi wewe, nijibu!"

Nilikuwa naendesha gari sioni barabara, theluji inaruka kila upande. Nyuma nasikia makofi ya mashavuni na jina lile lile. Kisha nikasikia mtu anatapika. Sijawahi kufurahia uchafu ndani ya gari la kuuza, isipokuwa siku ile.

Hospitali walimvisha barakoa ya oksijeni. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Jioni Laugi alifungua macho, akaisogeza barakoa.

"Chupa?"

"Zimeganda," Thora alisema. "Zilizobaki. Mlango uko wazi."

"Zote?"

"Zote. Rudisha hicho kitu mdomoni."

Mwezi mzima Thora hakusafisha gari la mtu, na mteja wake mmoja mkubwa akahamia kwa mwingine. Hakulalamika. Lakini nikipita kwao mchana namkuta Laugi kwenye kochi, amefumba macho, na Thora anatoka jikoni na kitambaa mkononi, anamtikisa bega.

"Niko hai, mama. Niache nilale."

"Sema jina lako."

"Wewe unalijua."

"Liseme."

Analisema. Naye anabaki amesimama pale, bado amemshika bega.